Mlango Niliojisifia

Wambui, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu ulipewa jina la mamangu, na pia kwa sababu nikikuita hivyo huwa unashindwa kukasirika vizuri. Zamani ulikuwa unacheka. Siku hizi unasema "sawa." Nikikuuliza kama umekula, sawa. Nikikuambia mvua inakuja uanue nguo, sawa. Leo asubuhi nimekuuliza kama nikusindikize kesho hadi Eldoret. Ukasema shangazi yako ndiye atakupeleka. Nikasema, "Haiya, na mimi je?" Ukajibu, "Sawa," ukaendelea kukunja sweta.

Basi nimeamua kuandika. Najua utacheka mwandiko. Shule niliiacha kidato cha pili, na usisikie watu wakisema nilifukuzwa. Ni mimi niliyewafukuza walimu, nikawaachia darasa lao. Unaona? Hata barua haijatoka jikoni na tayari nimeanza kujisifu.

Mambo ya blanketi na ndoo sitayagusa. Shangazi yako amepanga kila kitu kama mtu anayehamisha benki. Ninachotaka kuandika ni lile neno nililolisema siku tulipomzika mamako, nikiwa nimesimama mbele ya hema na kipaza sauti mkononi. Tangu siku hiyo, zaidi ya hizo "sawa" zako, mimi na wewe hatujaongea. Kesho unaenda kusomea umeme, na naogopa ukienda hivi hutarudi. Ama utarudi kama mgeni, unywe chai ukiwa umeshika mkoba magotini, useme gari litakuacha.

Acha nianzie kinyozini, maana huko ndiko mambo yalipoanza kuharibika.

Kile kibanda changu cha mabati pale sokoni Subukia unakijua. Nisikudanganye kwa unyenyekevu: bonde hili lote halina mkono kama wangu. Pasta, mwalimu mkuu, vijana wa bodaboda, wote vichwa vyao vimepitia hapa. Na mtu akishafungwa kile kitambaa shingoni hunena hata ambayo hajamwambia mkewe. Ndiyo maana kituo chetu cha afya kilipotafuta mwakilishi wa vijana kwenye kamati, hawakuzunguka sana. Sijui kama bado nilikuwa kijana, lakini kofia ya kijana nilikuwa nayo.

Kamati ilikuwa ya watu tisa, na sheria ilitaka wanawake wasipungue watatu, theluthi. Mwenyekiti, Mzee Ndirangu, yule aliyestaafu ushirika wa kahawa, alikuja kunyolewa akaniambia hivi nikimpaka povu: "Kijana, tutafutie wanawake. Lakini wasiwe wa maneno mengi."

"Chukua wangu, mzee," nikamwambia. "Mama Wambui ni mpole kama maji ya mtungi."

Mpole! Mamako! Mwanamke aliyemwambia chifu katikati ya baraza kwamba zipu yake iko wazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamtajia saa. Nilijua ninadanganya. Nilifikiri tu kwamba kwenye kamati ataniheshimu, asinipinge mbele ya watu. Hivyo ndivyo alivyoingia. Wa pili alikuwa Mama Njoki, jirani yetu wa ng'ombe wa maziwa, na wa tatu mke wa mzee mmoja ambaye alihudhuria mara moja akachoka.

Sasa sikiliza vile tulivyokuwa tukifanya kazi. Kamati ilikaa Jumanne kituoni, na maombi ya kufungua, na maji ya chupa. Lakini Jumamosi iliyotangulia, wanaume wa kamati walikuwa wanapita kwangu mmoja mmoja kutengenezwa ndevu za kwenda kanisani, na hapo ndipo mambo yalipoiva. Mzee Ndirangu kwenye kiti, wengine kwenye benchi, mimi na mashine mkononi nikitia chumvi. Mwanamke haingii kinyozini. Hakuna aliyemkataza, ni vile tu haingii. Kwa hivyo Jumanne kina mamako wakifika walikuta ajenda imeshapikwa, imepakuliwa, na sahani zimeoshwa. Mama Njoki alikuwa anauliza, "Haya mlikubaliana lini?" na Mzee Ndirangu anajibu, "Tulikubaliana tu, mama." Mimi naangalia dari.

Nilijiona mtu mkubwa sana, Wambui. Nilikuwa nakuja nyumbani nikikuambia, "Babako ndiye anaendesha kituo kile." Na ulikuwa unaniamini.

Halafu ikaja pesa ya kutengeneza kitu kimoja. Kile chumba cha kupimia wanawake hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia la maua, na mbele yake benchi la kungojea, ambapo wazee wanakaa na vikohozi vyao wakitazama moja kwa moja kwenye pazia. Upepo ukipanda kutoka bondeni, pazia linainuka. Wanawake walikuwa wanatembea kutoka kule juu kuja kupimwa saratani ya kizazi, wakifika wanaona benchi, wanasema wamekuja kuuliza bei ya dawa ya minyoo, wanarudi nyumbani.

Mamako akasimama Jumanne hiyo. "Tunaomba mlango," alisema. "Unaofungwa kwa ndani."

Mzee Ndirangu akauliza, "Pazia lina shida gani, Mama Wambui?"

"Lina upepo."

Nami nikaona nafasi ya kuchekesha, na unanijua nikiona nafasi. Nikasema, "Mlango wa kufunga kwa ndani wa nini? Mnataka kumfungia daktari huko mumfanye nini?"

Walicheka mpaka Mzee Ndirangu akatoa leso. Mama Njoki aliangalia meza. Mamako aliketi, akalainisha gauni lake magotini, polepole. Pesa ilienda kwa geti, kama tulivyokubaliana Jumamosi. Geti la bluu, refu kuliko la kiwanda, na majina ya wanakamati yamechorwa juu yake. Langu ni la tatu kutoka juu. Nilikupeleka ulione, ukiwa na sare ya shule, ukalisoma kwa sauti.

Siku ile ya pazia tulipanda mlima pamoja kurudi nyumbani, mimi na yeye. Akasema, "Uliwachekesha vizuri."

"Si unanijua."

"Nakujua." Tukatembea. Kisha akasema, "Hata mimi nilienda kupimwa nikarudi, Baba Wambui. Baba yako alikuwa ameketi kwenye lile benchi."

Unaelewa alichoniambia? Mkwe wake. Mzee ambaye hata akimpa maji ya kunawa, mamako alikuwa anageuza uso. Ati apite mbele yake, aingie nyuma ya kitambaa, avue nguo, na upepo uko hapo. Aliniambia hivyo, kwa maneno machache ambayo hata mtu wa kidato cha pili anaelewa. Na mimi nikamjibu, "Utaenda siku nyingine," nikampigia mluzi kijana wa bodaboda niliyekuwa namjua, tukaanza stori za mpira.

Ni hiyo, mama. Naweza kukuambia habari za kamati na sheria na theluthi, lakini mimi nikilala ninachosikia ni huo mluzi.

Ikapita zaidi ya mwaka. Halafu ikaja Jumamosi ambayo pengine wengine wamekusimulia vibaya, kwa hivyo chukua ya kwangu. Mzee Ndirangu yuko kwenye kiti, shavu moja limeshanyolewa, lingine lina povu. Kwenye benchi wako wanakamati watatu, mmoja amevua shati kwa sababu ya joto. Pazia la kinyozi likafunguka, akaingia mamako, na Mama Njoki nyuma yake na debe la maziwa.

Nikamwambia, "Mama Wambui, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani kuko salama. Nimesikia kamati inakaa hapa. Songeni kidogo."

Wakasonga! Akaketi kwenye benchi la wanaume, katikati, akaweka mikono juu ya magoti. Yule aliyevua shati akaanza kulitafuta kama linaungua. Mama Njoki akasimama mlangoni na debe lake, na ukimjua Mama Njoki unajua hakukuwa na mwanya uliobaki.

"Endelea kunyoa," mamako akaniambia. "Sisi tunaangalia tu."

Wambui, nilimpaka mzee povu upya juu ya povu. Mzee Ndirangu akasema kwenye povu, "Mama, hapa si mahali pa wanawake. Mtu hawezi kunyolewa akiangaliwa hivi."

"Unasikiaje, mzee?"

"Si vizuri."

"Na hizo ni ndevu tu," mamako akasema.

Hakuna aliyecheka. Mimi nikaosha wembe uliokuwa safi. Mzee Ndirangu alikuwa hawezi kutoka, atatokaje sokoni na nusu uso? Wakakaa hapo, mamako akauliza lini mlango utawekwa. Mama Njoki akaongeza, "Na ukuta ufike juu, msituletee mlango kama wa choo cha baa." Mzee Ndirangu akasema Jumanne. Mamako akasema, "Jumanne gani? Taja mbele ya hawa." Akaitaja.

Mlango uliwekwa. Wa mbao, wenye komeo la ndani. Mamako alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia humo, na mimi siku hiyo niliketi kwenye lile benchi nikimngoja, nikajiambia mambo yamekuwa mazuri. Alipotoka alikuwa ananyoosha kitambaa cha kichwa. Akasema, "Wameniandikia niende hospitali ya Nakuru."

Mengine uliyaona mwenyewe. Yale aliyokuficha ndiyo nitakuambia, kwa sababu sasa una haki nayo. Alipokuwa kwa shangazi yako, huko Kiamunyi, akienda matibabu, daktari alituambia kwamba kitu kile, saratani yenyewe, kilikuwa na muda mrefu. Mamako akauliza, "Kingeonekana mapema kama ningepimwa mapema?" Daktari akaangalia karatasi zake, akasema ndiyo, pengine. Mamako hakunigeukia. Nilingoja anigeukie aniseme, hata anitukane, nikajishika kwa kiti. Akauliza tu kama anaruhusiwa kula parachichi.

Nywele zilipoanza kutoka aliniambia nije na mashine. Nilimnyoa pale barazani kwa shangazi yako. Nimenyoa vichwa vya bonde zima na sijawahi kunyoa polepole hivyo. Akaniuliza, "Niko aje?" Nikamwambia anafanana na Mzee Ndirangu. Akacheka, akashika mbavu, akaniambia niache kumchekesha kwani inauma. Baadaye akasema, "Wewe ungekuwa mtu wa maana sana kama ungenyamaza mara moja moja."

Na mimi nikaenda kwenye mazishi yake nikafungua mdomo.

Sikuwa nimepanga. Mzee Ndirangu alikuwa ameongea, amesifu kamati, watu wakanisukuma nami niseme. Nikashika kipaza sauti, nikaona umati ule wote unaniangalia, na kitu fulani ndani yangu kikaamka kama ng'ombe akisikia ndoo. Nikasema, "Sisi kama kamati hatukulala. Mimi binafsi nilihakikisha ule mlango wa akina mama umewekwa." Watu wakapiga makofi. Makofi, mbele ya jeneza. Mama Njoki akasema "Ngai, Mungu wangu!" kwa sauti. Nikakuona unainuka, unaweka shada lako la maua kwenye kiti, unapita katikati ya watu kwenda zizini. Nilimaliza hotuba. Hilo ndilo sijui nitalijibuje. Niliona umeondoka, na nikamaliza hotuba.

Mchanga wako kaburini uliutupa mwisho, watu wakishaondoka. Nilikuona kutoka dirishani.

Sasa kuna jambo la mwezi uliopita ambalo hujui, na linakuhusu. Mzee Ndirangu alikuja hapa nyumbani ukiwa umeenda kununua viatu. Akaketi, akapewa chai, akasema, "Kiti cha marehemu kibaki kwa familia. Tumeonelea tumuweke Wambui. Amesoma, na ana adabu."

"Wambui anaenda Eldoret, mzee."

"Hiyo ndiyo nzuri sasa. Hatutamsumbua. Jina litakuwepo, theluthi itimie, yeye asome vitabu vyake. Wewe utanipa tu kopi ya kitambulisho chake."

Nitakuambia ukweli: kwa muda wa nusu kikombe nilifurahi. Mtoto wangu, na umri huo, kwenye kamati! Nilishaanza kuwaza nitakavyolitangaza kinyozini. Halafu nikasikia vizuri kile alichokuwa anasema. Walikuwa wanataka mwanamke ambaye hayupo. Wamejaribu wapole wakapata mamako, sasa wanatafuta wa mbali. Na walikuja kwangu kama nilivyoendewa mara ya kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa kugawa wanawake wa nyumba yangu kama vitambaa vya shingo.

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

"Si wewe ni baba?"

"Kitambulisho ni chake. Na mimi pia natoka kwenye kamati. Kwenye kiti changu na cha marehemu weka wanawake wawili, vyama vya akina mama vijichagulie."

Akaniambia nimelemewa na majonzi. Nikamwambia ndiyo, nimelemewa. Akaenda, na chai akaiacha.

Ungefikiri hapo nilifanya kitu kizuri, hata mimi nilifikiri hivyo. Nikatembea hadi kwa Mama Njoki kifua mbele nimsimulie. Alikuwa anakamua. Hakuinua hata kichwa. "Kwa hivyo umetoka," akasema. "Umeniacha na wale peke yangu, wewe ukae nyumbani usikie vizuri moyoni."

"Nilifikiri..."

"Usifikiri. Rudi kamatini, ukae, ufunge mdomo. Nikiinua mkono, inua. Hiyo huwezi?"

Naweza. Nimerudi. Kinyozini nimewaambia atakayeanza habari za kituo Jumamosi nitazima mashine na atatoka alivyo. Wamedhani ni mzaha, mpaka mmoja alipotoka na kichwa kama shamba lililopaliliwa nusu. Sikwambii haya unione mtu mwema. Mama Njoki hajaniona hivyo, na yeye ndiye anayeniona kila Jumanne.

Kile kiti kiko wazi bado. Ukikitaka, kitake kwa sababu utakuja kukalia, na useme utakayoona, hata dhidi yangu. Usipokitaka, kiache kabisa, usiwaache watumie jina lako. Na huko uendako, kwenye hayo mambo ya umeme, nasikia wasichana ni wachache. Watakuweka mbele kwenye picha. Sijui nikuambie nini kuhusu hilo, mimi nimekuwa upande wa wapiga picha maisha yangu yote. Najua tu wanaume wakishakubaliana wana uso fulani, uso uliopumzika. Ukiuona uso huo kabla mkutano haujaanza, uliza walikuwa wapi Jumamosi.

Ungepima afya yako bila kungoja mtu akuruhusu, ningeshukuru. Uliza kule chuoni ni umri gani wanaanza kupima. Hata kama aliye kwenye benchi ni mimi, pita.

Sikuombi unisamehe kabla gari halijaondoka. Kitu cha kuombwa hivyo ungekitoa kwa haraka, na mimi ningekwenda kukitangaza. Kesho sitakuja stendi. Nitakuwa kwa shamba la chini, ili uage nyumba bila kunitafutia uso wa kuweka. Lakini uje Desemba. Uje hata kama ni kwa ajili ya kaburi tu, upitie nyuma ya nyumba ukipenda, chumbani mwako hakuna atakayelala.

Nami nitakuwa na simu mfukoni. Ukipiga nitapokea na sitasema kitu, hata nikiwa na kichekesho kizuri kabisa. Nyamaza nawe kama unataka, dakika zote, nitasikia upepo wa huko. Na siku utakapokuwa tayari kuniambia ulichonacho juu yangu, chote, hata kile kibaya kuliko hiki nilichoandika, anza wewe.

Babako,
wa kidato cha pili